Kiti cha Mlangoni

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu tele. Mwili mzima, na ile sonona iliyonilaza tangu mama yako atutoke imeanza kulegea. Jana nilishona suruali ya jirani, ya kwanza tangu msiba. Mguu mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Kaivaa hivyo hivyo, maskini.

Vidonge vilinigomea, kwa hiyo sasa hospitali wananitundikia dripu ya ketamini, ile dawa ya usingizi, kidogo tu. Naelea kama puto, muuguzi kanikazia macho, anapima presha. Kisha hawaniachii mpaka waone mtu kwenye kiti cha mlangoni, wa kunirudisha nyumbani. Shangazi yako ndiye hukikalia, akilalamikia mgongo.

Afya yako? Saluni je?

Baba yako

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka huo mguu mpaka wateja wakageuka. Mimi sijambo.

Dawa hiyo naijua. Huku rafiki zangu huivuta kwa pua wikiendi, wakistarehe. Wewe walikuambia lolote kuhusu mkojo? Nauliza tu.

Kitindamimba

2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimepima watu maisha yangu yote. Namjua anayejipimia nguo akisema ni ya ndugu yake.

Nimemuuliza daktari. Mimi napewa kipimo kidogo, kwa siku zilizopangwa, na mkojo wangu wanaupima. Anayejivutia mwenyewe hajui amevuta kiasi gani wala unga umechanganywa na nini. Mwili unazoea, anaongeza, na kibofu kinachubuka ndani. Akiacha mapema, mara nyingi hupata nafuu. Akichelewa, huenda kisipone tena.

Sikugombezi. Niambie tu: ukivuta, nani huwa kwenye kiti?

Baba yako

25 Aprili

Binti yangu,

U mzima? Shikamoo yangu naidai. Kimya chako kinaniumiza.

Baba yako

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Nilikudanganya. Sijamaliza kusuka kichwa kimoja nishakimbilia msalani, na mkojo una damu. Nilianza baada ya mazishi. Nilitaka nipumzike na kilio kidogo tu, kisha ikawa kila nikitoka kazini, peke yangu, mlango nimefunga. Hakuna kiti, Baba.

Nimeacha, ila usingizi hauji na dawa bado naitamani. Hospitali wataniingiza kamera kwenye kibofu tarehe ishirini. Watanilaza kwa dawa, na wanataka mtu wa kunirudisha nyumbani. Nimeogopa kukutaja. Wewe mwenyewe si unarudishwa?

Kitindamimba wako

12 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Pole. Nitaje.

Daktari amekubali kuisogeza dripu yangu, na shangazi yako atanifikisha stendi, yeye na mgongo wake. Suruali ya jirani nimemnyang'anya. Wakikuingiza ndani, mimi nitakuwa kwenye kiti cha mlangoni na sindano yangu, naupunguza ule mguu. Ni kazi ya kutulia hiyo.

Usiharakishe kuamka.

Baba yako