Haikuwa ngiri

Jumanne, usiku

Nilishindwa kumwambia, mimi dada yake mkubwa. Éric, mdogo wangu, alinichekesha mezani: "Yaya, unaniangalia sana, niko na sombe mu meno?" Nikamwongezea bugali na yale majani ya muhogo.

Leo daktari aliyempasua kaka yetu Janvier alinieleza wazi. Ilikuwa saratani ya korodani. Ndugu wa kiume wa mgonjwa naye yuko hatarini kuliko watu wengine, hasa kama korodani yake moja haikushuka alipokuwa mtoto mchanga. Ya Éric haikushuka mpaka alipopasuliwa. Apimwe mapema, alisema, maana mapema inatibika.

Mama anataka tungoje mpaka Éric atoe mahari Jumamosi. Wakwe wake wa mtaa wa Shari wakisikia watamnyima binti yao. Kwa hiyo kwa watu wote, hata kwa Éric, Janvier alikuwa na ngiri.

Nami nimekubali. Nilijiambia ni heshima, dada hazungumzi na ndugu yake mambo hayo. Ni woga tu, na mwili ni wake, si wangu.

Ameshaenda kwake; nimemwandikia sasa hivi: kesho twende kwa daktari wa Janvier. Amejibu: "Ju ya ile ngiri?"

"Haikukuwa ngiri, Éric."

Simu inalia, ni Éric. Mama ameamka, anauliza ni nani.