Chai Uliyoimwaga Pembeni ya Kikombe

Shikamoo, Baba. Najua huitikii tena, ila wewe ndiye uliyenikataza kuanza neno na mkubwa bila shikamoo.

Unaikumbuka ile chai? Ulishika birika, ukamimina pembeni ya kikombe, juu ya kitambaa cha Mama. Nikacheka weee! Kesho yake ukakosea ngazi ya mlangoni. Shambani ukawa unapogolea kahawa, mkasi unafunga hewani. Basi mzee wa kanisa wa mtaa wetu aliponiuliza, "Baba yako ameanza pombe ya ndizi?" mimi, na ujuaji wangu wa miaka kumi na minne, nikajibu, "Ndiyo, kila siku."

"Sijaonja, mwanangu," uliniambia. Hukugombana na mtu. Usharika ukakutenga na Meza ya Bwana, ukahamia benchi la nyuma peke yako, mpaka tukakuzika pale migombani.

Mwezi uliopita, daktari wa macho huku mjini alinipa kalamu nigusanishe ncha na ya kwake. Nikakosa mara tatu. Akaniziba jicho la kulia: giza tupu! Kumbe la kushoto lilikuwa likifa taratibu, bila maumivu, na mimi sijui. Akanieleza kwamba kila jicho huona kitu kwa upande wake kidogo, ubongo unalinganisha, ndipo mkono ujue kikombe kiko umbali gani. Jicho moja linabaki kukisia. Mlima Meru nauona vilevile. Kikombe ndicho kinanishinda.

"Kwenu kuna mwingine alikuwa hivi?" akauliza. "Ugonjwa huu hurithiwa."

Nililia palepale kwenye kiti chake, Baba.

Jumapili nikapanda nyumbani, nikisema nikishashiriki nitamweleza mchungaji, nikusafishe jina. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe kidogo cha divai, nikashika hewa, sinia likapinduka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona, "Jamani! Huyu naye kalewa, kama baba yake."

"Sijaonja," nikasema.

Nikaenda kukaa benchi lako.

Nitarudi Jumapili ijayo niwaeleze yote, waamini wasiamini. Mimi huenda wakanirudisha mezani. Wewe hawawezi tena, na hilo ndilo linaloniua. Nisamehe.

Binti yako aliyekusingizia