Kisiwa Kiitwacho Upweke

Alhamisi, Glenwood, Afrika Kusini. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi sina raha na mtu.

Meli ya utafiti inayokwenda Aktiki ilitupa nafasi moja tu, darasa zima la jiografia. Kila mmoja wetu aeleze asili ya jina la mahali fulani kule kaskazini. Atakayeeleza vizuri kuliko wenzake ndiye ataondoka.

Kile kisiwa nilikipata mimi. Nilimsimulia Furaha, Mkongomani ninayeishi na kusoma naye, tukikaanga samaki: kidogo, hakikaliwi na mtu, kimetupwa mbali na kila nchi kavu. Nahodha Mnorwei aliyekifikia zamani akakiita Upweke. Warusi walipokichukua, jina wakalitafsiri tu.

Furaha aliacha kugeuza samaki. Akaniomba nimwachie. Nikamwachia, kwa kuwa nilikuwa na mlima wangu wenye jina la mfalme, na niliuona mkubwa.

Jumatatu alisimama bila karatasi. Alisema anamwelewa nahodha yule, maana yeye mwenyewe alivuka mipaka bila mama wala ndugu, na kila alipofika alikosa neno la kupaita. Profesa alivua miwani, akaifuta.

Nafasi akapewa yeye. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Tangu hapo nimechukia kila kitu chake. Anavyoimba akiosha vyombo. Anavyosema, “Kule iko baridi, dada,” kana kwamba ameshafika.

Leo profesa ameniita ofisini. Furaha hawezi kwenda. Bado anasubiri kukubaliwa kuwa mkimbizi, na kwa hati aliyonayo, akitoka Afrika Kusini hataruhusiwa kurudi. Aliyemfuata ni mimi, kwa hiyo nafasi ni yangu.

Nilifurahi.

Mungu anisamehe, nilifurahi kabla sijamwonea huruma.

Nyumbani nilimkuta jikoni anatwanga sombe, kisamvu cha kwao. Alikuwa ameshajua. Nilianza kusema pole, akanikatiza bila kugeuka.

“Wende, dada. Lakini ukirudi, usiniambie kama iko muzuri.”

Nilitaka kumkumbatia. Nikabaki mlangoni na mwavuli wangu unaochuruzika maji, mpaka akaniambia niufunge, nalowesha sakafu.

Nitakwenda, profesa nimeshamjibu. Nitakiona kisiwa kwa macho yangu, nitakipiga picha, nitarudi nisimame mbele ya darasa lile lile. Na ninajua watakachofikiri wakiniangalia: hiki ndicho kisiwa cha Furaha.

Safari ni yangu, na bado namwonea wivu.