Lakiri Ndani ya Kidani

Mama mkwe wangu Bi Mwanaisha,

Hata ungekuwa hai usingeisoma barua hii mwenyewe. Ungemwita mjukuu akusomee, huku unamkatiza kila mstari. Naiandika hivyo hivyo, hapa ugenini Hillbrow, nimezima cherehani, kwa sababu kuna jambo la kile kidani sijamwambia mtu.

Siku ya harusi yangu Tanga ulinifunga kidani shingoni kwa uzi wake wa hariri, ukavuta mpaka nikakohoa. Kabla ya hapo ulikuwa umenionyesha mgongo wake, upande unaolala kifuani: maua mekundu na ya kijani, madogo kama punje za mtama. Nikakuuliza nani atayaona huko. "Wewe," ukasema. Ukanipa masharti: kisilowe maji, kisikae karibu na moto. Bibi yako alipewa na mke wa mfanyabiashara wa Kikachi, ambaye bibi alimshonea nguo miaka mingi, na mama huyo alitoka nacho kwao India alipoolewa. Kwao, ulisema, dhahabu ya bibi harusi ni mali yake mwenyewe, mume haigusi. Hilo ulilipenda sana. Ulinikumbusha kila mwanao Hamisi aliponiudhi.

Mwaka 2016 nilitaka cherehani ya pili. Nikakipeleka kidani Marshalltown, kwa Mkongomani mmoja anayenunua dhahabu. Akakipima, akakunja uso, akakata pambo moja la pembeni. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kigumu.

"Mama, iko nta tu humu ndani," akasema. "Dhahabu ni kidogo sana. Eish, walikudanganya."

Nilikupigia pale pale, nimesimama kwenye taa za barabarani, watu wananipiga vikumbo. Nilikwambia ulinivisha nta mbele ya watu. Nilikuita mwongo. Nikasema na mengine ambayo Hamisi hayajui hadi leo. Ukasema tu, "Haya mwanangu, nimesikia." Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa zinapitia kwa Hamisi.

Mwaka uliofuata nilikipeleka Fordsburg kwa sonara mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa. Nilitaka aunge kile kipande ili nikiuze kama pambo la bandia. Akavaa miwani, akakigeuza, akayatazama yale maua.

"Nani amekata hii?" akauliza. "Wewe unaita nta? Hii lakiri, mama. Kazi ya zamani ya kwetu ndiyo hivi."

Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kidani cha aina ile hupita kwa mafundi kadhaa: mmoja hutengeneza umbo, mwingine huchoma rangi za mgongoni, mwingine hupanga vijiwe vya upande wa mbele. Ndani hujazwa lakiri, utomvu mgumu kama gundi, ili ivishike vijiwe, kisha jani la dhahabu safi hukandamizwa kuvizunguka kwa mkono, bila moto. Ukikipasha, lakiri inayeyuka. Akaniuliza kama aliyenipa alinikataza kukiweka karibu na moto. Nikamwambia ndiyo.

"Basi yeye alijua mali yake," akasema.

Tanga wanasema mimi, maskini Zuhura, niliujua ukweli wa kidani baada ya mazishi yako, ndiyo maana nililia vile. Niliwaacha waseme. Siku ile ya Fordsburg ulikuwa hai, mama. Ulikuwa unakwenda sokoni kwa miguu yako na kugombana na wauza samaki. Kila wiki nilijiambia nitakupigia Ijumaa. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilikuwa na kiburi: sikutaka kukusikia ukinicheka. Na ungenicheka kweli, halafu yangeisha.

Hamisi na dada zake wataliona hili hapa kwa mara ya kwanza. Wana haki ya kunikasirikia. Wewe nakuomba radhi, ingawa najua nimechelewa kwa kupenda kwangu. Zilipita Ijumaa sita kabla hujafa, na simu ilikuwa mkononi mwangu.

Mungu akupe raha huko uliko.

Mkazamwana wako,
Zuhura