Bibi Yako Anasema Alinizika

Nyumbani, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu zikufikie kabla baridi ya huko haijakukunja. U mzima? Kazi inakwendaje? Sisi tunatembea, ila bibi yako. Nitafika hapo.

Kwanza ujue mjomba wako sasa ni mwigizaji. Watu wa filamu walikuja na mavazi ya zama za kale, kuigiza kile kitabu cha mkulima aliyenyang'anywa shamba, mlichosoma nyinyi. Mimi shule ilinishinda kabla sijakifikia, lakini nani alikuwa mkulima? Mimi! Basi, akiwa maiti. Mwigizaji wao mkubwa aliogopa jeneza. Nikawaambia, "Leteni hapa, nimelala pabaya zaidi."

Nilikufa vizuri, mpwa wangu. Nzi alinipanda puani, akatembea, akachoka, akashuka mwenyewe. Mwongozaji aliapa hajapata kuona maiti kama mimi.

Sebule waliyoitaka ni yetu, kwa uzee wake. Bibi yako tulimwacha kwa jirani, fundi cherehani, maana akili yake siku hizi huja na kuondoka. Akamponyoka. Akaingia, akanikuta ndani ya sanda. Akaniangukia kifuani.

"Mwanangu, hata wewe? Mama yenu nani atamzika?"

Tulikuwa tumeonywa kwamba atakayejitikisa ameharibu kazi ya watu wote. Nikazidi kufumba macho. Machozi yake yakaniingia sikioni. Mwongozaji akanong'ona, "Endeleeni, endeleeni."

Walipozima kamera nikainuka: "Mama, ni mimi!" Akapiga ukelele, akakimbia.

Tangu siku ile ananiamkia kama mgeni. Juzi nimempelekea uji, akasema, "Ahsante baba, u mtu mwema. Nilikuwa na mwana, mdomo mrefu lakini moyo safi. Tulimzika." Nikamwonyesha kovu la gotini. Akalipapasa. "Na yeye alikuwa nalo," akasema.

Uji hakuumaliza. Siku hizi haumalizi.

Mama yako alishatangulia, nimebaki mimi tu. Sitaki bibi yako aondoke akijua hana mtoto hata mmoja. Wewe bado anakutaja kila asubuhi, kwa jina. Njoo umshike mkono, umwambie. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka, na unajua mdomo wangu ulivyo.

Mke wangu anakusalimu sana. Fundi cherehani naye, ingawa haji tena kwetu kwa aibu.

Mungu akufungulie njia upesi.

Mjomba wako akupendaye,
aliye hai.