Dozi Moja, Vifua Viwili

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, mwenzio nimebeba siri na mimi siri hazinikai, hapa Mikumi ukitaka habari ifike stendi kabla ya basi mwambie mama Lea, sasa shoga yangu Yusrah anayeuza chakula barabarani amepatikana na kifua kikuu, nesi akamwambia achague mtu wa kumwangalia akimeza dawa kila asubuhi, akanichagua mimi, nikamuuliza, "Shoga, watu wote hawa, mimi?" akacheka, "Wewe si unashinda kwangu? Watajua tunasengenya tu," na kweli sijamwambia mtu hata wifi yangu, dawa zikamkubali, akanenepa, kikohozi kikaisha, kumbe siku hizi dawa za leo anameza, za kesho anazifunga kwenye kitambaa anamwekea kaka yake Cornel anayekata miwa kule Ruaha, naye anakohoa huku ameshika mbavu lakini kupima hataki, anaogopa akijulikana hatapewa kazi tena, nikamwambia Yusrah hivyo sivyo, akanijibu, "Mama Lea, tumenyonya ziwa moja, mimi nipone yeye afe?" na nesi akiniuliza, "Anameza?" nasema, "Anameza," na kweli anameza, ila sio zote, sasa nikisema nampoteza shoga, nisiposema kila nikimwona mjukuu wake kamlalia kifuani roho inaniruka, nifanyeje mwenzio?

Mama Lea, Mikumi

*

Mama Lea,

Majina yote nimeyabadilisha, hata lako, maana kwa jinsi barua yako ilivyokuwa, siri ingefika stendi kabla ya gazeti.

Kuwanyamazia majirani umefanya vizuri, nakupa pole na hongera. Lakini kumficha nesi siyo kutunza siri. Ugonjwa anaujua, dawa katoa yeye. Unamficha nini, kama siyo kifo?

Yusrah hana roho mbaya. Ugali ukimgawia ndugu, wote mnalala nusu shibe, kesho mnatafuta tena. Dozi haiko hivyo. Ikimezwa nusunusu ugonjwa unainama kidogo, unainuka, umeshaizoea dawa. Kikohozi kuisha siyo kupona. Cornel hatapona kwa vidonge vya kitambaani, na Yusrah atarudi kukohoa, mjukuu akiwa hapohapo kifuani.

Kesho asubuhi acheni soga. Mwambie Yusrah, "Leo twende wote kwa nesi, ukaseme mwenyewe." Akigoma, nenda peke yako siku hiyohiyo. Atanuna. Muache anune, anayenuna yuko hai. Cornel naye akapime makohozi. Akikutwa na ugonjwa atapewa dozi yake nzima, wala hailipiwi. Vibarua atavikosa kwa muda, sikatai. Akifa atavikosa vyote.

Miaka yote umesema yasiyokuhusu, watu wakacheka. Hili linakuhusu. Lipeleke mlango mmoja tu, wa nesi, kisha rudi kwa shoga yako, ukae mbele yake, umwangalie mpaka maji yapite kooni.