Mlolongo wa Mtaliano

Jumatatu, 4 Aprili 2022

Mwenyekiti wa chama, Bwana Jafar, kaja nyumbani Bamburi na pakiti ya tende. Nikajua pana jambo. Kaketi, kanimwagia sifa — Daktari, msomi wetu kutoka Ulaya, inshallah tutakupa kiti cha kuteuliwa bunge la kaunti. Ila udiwani nimwachie Kiponda, yule mwenye malori ya kokoto. Nikamuuliza: mkiniteua nyinyi, nitamkosoa nani? Akacheka. Mimi sikucheka. Tende lakini nimezila zote.

Miaka yote niliyofundisha siasa Bologna sikuombwa upuuzi kama huu. Na uraia wa Italia nimeshaukana ili nigombee hapa. Sina pa kukimbilia. Wala sikimbii.

Jumapili, 10 Aprili

Kanisani, matawi mkononi, Kiponda kapewa nafasi ya kusalimu waumini. Eti Mtaliano arudi kwao akale pasta. Watu kicheko! Nikainuka. Nikasema mimi Kache binti Garama, kitovu changu kimezikwa hapa nyuma ya machimbo, na pasta naijua kupika, aje na mkewe nimkaribishe. Kicheko kikamgeukia yeye. Padri katukalisha sote wawili kama watoto wa komunyo. Sijuti hata kidogo.

Alhamisi, 14 Aprili

Wamebadilisha! Mchujo wa chama hauna kura ya siri tena. Ni mlolongo, Jumatano ijayo — kila mtu apange foleni nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe, Kiponda akitazama. Na nusu ya mtaa huu wanakula kwake. Jafar kwenye simu anasema huo ndio uwazi. Uwazi gani? Wanataka kujua nani wa kufukuzwa kazi.

Jioni kaja Nzai, mdogo wangu, dereva wa lori la Kiponda. Hakuingia, kasimama mlangoni. Dada, Jumatano nitapanga kule, nina watoto shuleni. Nikamwambia simama unapotaka. Nilisema kwa ukali. Alipoondoka nililia, na hasira isipungue.

Jumatano, 20 Aprili

Uwanja wa shule. Naandika nimesimama, sisi wagombea tuko mbele. Wanahesabu upande wa Kiponda. Mstari wake umepinda mpaka vyooni. Wangu mfupi. Mama za sokoni, vijana wachache, mwalimu mstaafu na kiti chake. Nzai yuko kule, anatazama viatu.

Na nyuma yangu, wa kwanza kabisa, Dhahabu — mke wa Nzai! Mtoto mgongoni. Nikamnong'oneza: wifi, Kiponda anakuona, mtakosa kazi. Akasema, wacha aone, macho anayo.

Jafar kaja. Eti nijitoe kabla sijahesabiwa, nijiepushie aibu. Nimemwambia tuhesabiwe, mmoja mmoja, kwa sauti.

Sasa mtu wa Kiponda kamwendea Nzai kule foleni, anamsemesha sikioni, kidole kwetu. Karani anapaza sauti: atakayetoka mstarini hahesabiwi popote. Nzai katoka hivyo hivyo. Anakuja huku. Kumtoa mkewe, au nini — sijui. Jafar anamwambia karani angoje kidogo.

Dhahabu kamwona mumewe. Kakaza mbeleko.

"Msingoje mtu," anamwambia karani, uwanja mzima unasikia. "Anzieni hapa kwangu."